Kumtafsiria Kaka Jina la Winterbottom

Jumamosi, 15 Novemba 2025. Asubuhi ya mawingu, baridi ya kuvaa soksi mbili.

Leo nimelitaja. Miezi minne nimekuwa nikilikwepa.

Binti yangu Wairimu anaolewa na Kevin, kijana mpole wa College Park, huku Marekani. Kaka yangu Njoroge, aliyeko Nakuru, ndiye atakayewakaribisha wakwe kwa niaba ya ukoo, na kila wiki huniuliza wanaitwa nani. Humjibu, "Familia ya Kevin." Wanaitwa Winterbottom. Kaka aliacha shule kidato cha pili, na Kiingereza chake kinamtosha kabisa kulitafsiri Makalio ya Baridi.

Nakiri niliogopa. Kaka akianza kucheka hanyamazi, na harusi ya mtoto ingegeuka kichekesho cha ukoo mzima.

Kwa hiyo kila Jumanne, baada ya zamu yangu ya kutunza wazee, nimekuwa nikipitia maktaba ya hapa Germantown na daftari. Kumbe ile sehemu ya mwisho ya jina, "bottom", katika Kiingereza cha zamani, ni bonde tu. Hao ni watu wa bonde la kukaa na mifugo majira ya baridi. Chimbuko lao ni kaskazini-magharibi mwa Uingereza, Cheshire na Lancashire, na wengi bado wako huko. Wengine walitawanyika hadi Australia na huku Marekani.

Bonde. Na mimi na kaka tumezaliwa mtaa wa Bondeni, kule Nakuru.

Saa mbili asubuhi nikampigia, nikalisema. Kaka akaanza kucheka.

"Mama Wairimu, hao watu walimkosea nani?"

Nikamsomea daftari neno kwa neno. Kicheko kikapungua.

"Walikuwa wafugaji?"

"Ndiyo, kaka."

"Mbuzi au ng'ombe?"

Daftari halikusema.

"Ng'ombe," nikajibu. Mungu anisamehe.

"Basi hao ni watu."

Kufikia mchana alikuwa ameandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba Wairimu wetu anakuwa Bi. Winterbottom, wa watu wenye ng'ombe, wa Bondeni ya Uingereza. Shangazi watatu wakapiga vigelegele.

Wairimu alipokuja kula jioni nikamwonyesha simu, nikingoja shukrani.

"Mama, nani alikwambia nabadilisha jina? Kevin ndiye anataka kuchukua letu. Amechekwa tangu chekechea."

Sasa kaka ataambiwa na nani?

Nimezima simu. Nalala saa tatu na dakika arobaini.