Waya Moja, Nyumba Ine

Kaka yangu, yaya Muhigirwa,

Tuko wazima, Mungu asifiwe. Mvua imerudi hapa Kamembe, na wale samaki wadogo wa ziwa, sambaza, wanapatikana tena Nkanka.

Kule Bukavu mumesikia kwamba wezi walimuvunja ndugu yetu Ciza mukono. Si wezi.

Unajua kazi yangu ya kutengeneza maredio. Bamama jirani waliniomba kengele ya kuita musaada wakipigwa. Nilipitisha waya moja tu katika nyumba ine. Kila nyumba ina butoni yake na rezistansi yake, inayopunguza umeme kwa kipimo tofauti, kwa hiyo umeme unaofika kwangu unaniambia ni nani anaita.

Jumapili, tulipotoka misa, Ciza alimuangusha muke wake Odette, akamupiga mateke mpaka damu ikatoka masikioni. Odette alipotambaa kufikia butoni, Ciza alikata waya kwa panga.

"Ita sasa!"

Hakujua kwamba umeme unapita humo saa zote, na waya ile ikikatwa, kengele inalia pia. Haikuniambia ni nyumba gani, lakini nilikimbia moja kwa moja kwa Ciza.

Nilimukuta ameinua panga. Nilimupiga mukono na muchi wa kinu, nikasikia mufupa unavunjika. Panga ilianguka. Hapo ningeweza kuacha, lakini nilimupiga tena.

"Gracia, ni mimi!" alilia.

Nilijua ni yeye.

Maman usimwambie. Ukikuja kumuchukua Ciza hospitalini, usipite kumusalimia Odette. Anakupenda sana, yaya, lakini wewe na Ciza muna uso mumoja.

Mudogo wako,
Gracia