Salamu kwa Wasiotujua

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mvua saa tisa, kama jana. Majani chai hayakuchumwa. Nyakundi, mume wangu, amekaa barazani na mwavuli mapajani, utadhani anangoja gari. Mimi nasahihisha insha za kidato cha pili. Karibu wote wameanza na jua kuchomoza. Ikonge hii, ambapo jua hatujaliona wiki nzima.

Saa kumi Ombati akanitumia ujumbe wa sauti. Nilimfundisha Kiswahili kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Sasa yuko ng'ambo, anasomea mambo ya nyota. "Madam, huku kuna maneno kubwa." Maneno kubwa! Ngeli zangu zote aliziacha uwanja wa ndege.

Maneno yenyewe ni haya. Kundi analofanya nalo kazi lina mtambo wa kurusha mawimbi ya redio. Wanataka kuielekezea salamu nyota moja ambayo huenda ina sayari yenye uhai. Makusudi kabisa, ili kama yupo mtu asikie. Salamu kwa lugha nyingi za dunia. Ekegusii, lugha yetu ya hapa Kisii, imo, ila haina sauti. Nusu dakika tu. Anataka iwe sauti yangu.

Nilikubali kabla chai haijachemka. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: nilijivuna.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimejaribu kurekodi. Nimeshindwa. "Bwakire," nasema, yaani kumekucha, kisha nangoja. Ndivyo tulivyolelewa. Unasalimu, unasimama, unaitikiwa "Bwakire buya", unaulizwa watu wa nyumbani, nawe unauliza wa kwao. Kusalimu na kupita kabla hujaitikiwa ni kumtusi mtu. Nilingoja, simu ikarekodi kuku na matone ya mvua.

Nikamuuliza Ombati jibu litachukua muda gani. Akacheka. "Hata wakijibu papo hapo, Madam, litanikuta mimi nimezeeka." Yeye ndio kwanza ana miaka ishirini na tano. Mimi nina hamsini na miwili. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Jumamosi, 6 Septemba

Sabato njema. Darasa langu la watoto kanisani lilijaa hadi wengine wakaketi chini.

Sina mtoto wa kuzaa. Kulia kwa ajili ya hilo nilishaacha. Nina hawa, kila Sabato asubuhi, wenye kamasi na wasio na kamasi. Wiki yangu yote inaelekea hapo. Nyakundi anajua, ndiyo maana siku hiyo haniulizi habari ya chakula.

Tulimaliza somo mapema, nikawaambia habari ya nyota. Nikawauliza tuwaambie nini watu wa huko. Mikono juu, kelele. Waulizwe kama wanachapwa shuleni. Waulizwe kama wana Sabato, na inaanza saa ngapi. Waambiwe wakija washukie kituo cha majani chai, hapo hawawezi kupotea. Nilicheka hadi nikafuta macho.

Jua lilipozama nikarekodi, safari hii bila kungoja mtu aitikie. Imetoka vizuri. Sikuituma. Nilisema nitaisikiliza tena kesho.

Jumatatu, 8 Septemba

Karani wa kanisa kanipigia wakati wa mapumziko. Mama Moraa amelalamika. Moraa, mwanafunzi wangu wa miaka minane, hataki tena kutoka nje peke yake hata kwenda chooni. Anasema watu wa nyota wameambiwa kwao ni wapi. Na wazazi wengine wameuliza. Na Mzee Onchari, mzee wa kwanza wa kanisa, amesikia.

Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka tunachoamini. Kanisani kwetu hakuna anayeuliza kama huko juu kuna watu. Wapo. Tumefundishwa tangu utotoni: kuna malimwengu mengine, na watu wake hawakuanguka dhambini. Dunia iliyoharibika ni hii yetu tu, nao wanaitazama na kusikitika. Kwa hiyo wakati wanasayansi wanaogopa kwamba huenda wageni hao wakatudhuru, Onchari anaogopa kwamba sisi ndio tutakaowadhuru.

Nyakundi, ambaye ni mjumbe wa baraza la kanisa, amecheka hadi akamwaga chai. Nimemwambia acheke sasa, asije akasema sikumpa nafasi.

Alhamisi, 11 Septemba

Onchari alikuja jioni. Akala ugali na chinsaga, akasifu mboga, akaomba aongezwe. Nikamwongeza. Alikuwa mpole kupita kiasi, nami mtu akiwa mpole hivyo naanza kutafuta alipoficha panga.

Akasema: "Mwalimu, ugonjwa wa midomo na miguu ulipoingia huku, si daktari wa mifugo alifunga soko la ng'ombe? Alimfungia nani? Alimfungia mgonjwa. Basi sisi ndio tuko karantini. Na wewe unataka kumvusha ng'ombe."

Iliniudhi. Ni hoja nzuri, na imetoka kwa mtu ambaye kila mwaka hupinga kununuliwa viti vya watoto.

Wakati ananawa mikono akasema lililomleta. Baraza litakaa Jumapili ya tarehe 21. Nikituma salamu, darasa la watoto atapewa mwingine. Akashukuru kwa chakula, akaomba dua ya kutuaga, akaenda.

Ombati anataka sauti kabla ya Ijumaa tarehe 19.

Ijumaa, 12 Septemba

Hasira siku nzima. Kidato cha pili wamekula imla ingawa hawakunikosea lolote.

Jumapili, 14 Septemba

Nimezungumza na Ombati kirefu. Nilimpiga maswali kama mtihani wa mdomo. Akasema niache woga, dunia ilishapiga kelele zamani. Redio, televisheni, rada, vyote vinavuja kwenda juu. Kama kuna mwenye masikio ameshasikia.

Nikamwambia kelele za nyumba yangu kusikika barabarani ni jambo moja. Kwenda kusimama langoni mwa mtu nisiyemjua na kupiga hodi ni jambo jingine. Nikipiga hodi nimesema nitakuwepo mlango ukifunguliwa.

Akakiri hata huko hawajakubaliana. Wapo wenzake wanaosema tusikilize kwanza, tusiseme neno. Wapo wanaosema tukingoja hadi tukubaliane wote hatutasema kamwe, na huenda huko juu nao wamekaa kimya vivyo hivyo, kila mmoja anamngoja mwenzake. Hilo nalo lina ukweli. Nilimwambia lina ukweli.

Kisha nikauliza: "Nani amewaruhusu?"

"Hakuna mtu wa kuruhusu, Madam. Mwenye mtambo anatuma."

Hilo limenikaa kifuani. Kwamba salamu ya dunia nzima, na ya watoto ambao hawajazaliwa, iko mikononi mwa watu wachache kuliko baraza letu la kanisa. Na baraza letu, pamoja na ukorofi wake, huandika kumbukumbu za mkutano.

Jumatano, 17 Septemba

Sitatuma.

Sababu niiandike vizuri, maana najijua, kesho nitaipamba. Si karantini ya Onchari. Sijui kama tungewaambukiza dhambi kwa kuwaambia kumekucha. Na si woga wa kuvamiwa. Ni kwamba jibu likija sitakuwepo. Watakuwepo hawa wa darasani, wakiwa na mvi. Wao ndio watakaofungua mlango, kwa mgeni niliyemwita mimi siku nilipokuwa na raha. Niliwauliza tuwaambie nini. Sikuwauliza kama tuwaambie. Hata ningewauliza, ni watoto, wangejibu nini?

Na darasa lenyewe? Naogopa kulinyang'anywa. Naogopa sana. Sijui uamuzi huu una kiasi gani cha woga huo ndani yake. Nimejaribu kutenganisha nikashindwa, nikaenda kukama ng'ombe.

Nimefuta rekodi. Nimemwambia Ombati. Akajibu "Sawa, Madam," na mikono miwili ya kuomba. Amevunjika moyo, na mimi pia.

Jumapili, 21 Septemba

Baraza limekaa baada ya saa nane. Nikaitwa. Nikawaambia sikutuma, na sitatuma. Wakafurahi. Mama mmoja akasema Bwana asifiwe. Nikadhani yamekwisha, nikashika kibegi changu.

Onchari akasema vyema sana, basi Sabato ijayo nisimame mbele ya kanisa, niseme nilikosea na nimelitii baraza.

Nikasema: kuwatia watoto hofu nilikosea, na nitamwomba Moraa na mamake msamaha hata leo. Lakini kutii sikutii. Nilifikiri, nikaamua. Kama ningeona ni sawa, salamu ingekuwa imeshafika kwa Ombati na mngenifanya mnavyotaka.

Mchungaji akaniangalia kwa macho ya mtu anayesema, Mwalimu, neno moja tu, litamke twende nyumbani. Neno lilikuwa hapo, jepesi. Ningelitamka ningelala na darasa langu. Nilifungua mdomo. Halikutoka.

Wakapiga kura. Darasa amepewa Rebeka, binti aliyemaliza chuo juzi, mwenye sauti nzuri na subira. Ataliweza. Hilo ndilo linalouma, ataliweza.

Nyakundi hakuinua mkono upande wowote.

Nilimuuliza njiani. "Mzee, hata mkono wa kunitetea?" Akasema: "Ningeinuaje, Mwalimu? Wangesema nimeinuliwa mkono na mke." Tulitembea mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumanne, 23 Septemba

Nimempa Nyakundi ugali bila mboga. Akala. Hakuuliza.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimeshinda nyumbani. Nimesema kichwa kinaniuma. Ilipofika saa tatu kamili nilijikuta nimevaa viatu. Nikavivua. Nikalia, kwa sauti, maana hakukuwa na mtu. Kisha nikachambua maharagwe ya kesho.

Jumanne, 30 Septemba

Nilipita kwa Mama Moraa nikaomba msamaha kama nilivyosema. Akanipa ndizi. Akasema hakukusudia yafike huku. Namwamini. Moraa alikuwa shuleni.

Alhamisi, 2 Oktoba

Ombati ameandika. Imetumwa.

Walipata sauti nyingine ya Ekegusii. Mshereheshaji wa harusi, wa Kisii mjini, kijana mcheshi, alirekodi kwa simu akiwa kazini. Ilichukua dakika chache. Salamu zote zimerushwa jana. "Usijali Madam, lugha yetu imefika," ameandika. Haijafika popote bado. Ila imetoka, na kilichotoka hivyo hakifukuziwi. Hakuna mtambo wa kukimbilia mbele yake na kukirudisha.

Alinitumia nisikilize. Kijana ana sauti nzuri, lazima niseme. Anasema "Bwakire" na kwa pumzi ile ile anajiitikia mwenyewe, "Bwakire buya mono!" Anacheka. Anawaambia karibuni Kisii, ndizi ziko. Nyuma yake kuna ngoma na watu wanakula.

Nilikaa na simu mkononi. Nilifikiri hukumu yangu ina uzito. Nilipima, nikajinyima, nikapoteza darasa. Na ilihitaji tu wampigie mwingine. Kukataa kwangu kumeichelewesha salamu ya dunia kwa muda wa kumtafuta mshereheshaji.

Sijui kama ni vibaya imetumwa. Pengine ni vizuri. Pengine huko kuna mtu amekaa peke yake tangu mwanzo, na atafurahi kusikia ndizi ziko. Nimekasirika hata hivyo.

Sijamwambia mtu. Hata Nyakundi. Ndiyo, mboga nilishamrudishia.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimerudi kanisani. Mvua ilikuwa imekatika, njia ina tope. Tulifika mapema.

Nyakundi akaingia. Mimi nikabaki nje kusugua viatu kwenye nyasi. Watoto walikuwa wanapita kwenda upande wao, Rebeka yuko mlangoni anawapokea. Wengine walinikimbilia, nikawaambia waende, somo linaanza. Walienda. Nilitaka wakatae kidogo.

Moraa akabaki. Alishika ncha ya mtandio wangu, akauliza polepole, kwa Ekegusii, kama niliwasalimu wale watu.

Nikamwambia hapana. Sikuwasalimu.

"Kwa hivyo hawajui tuko hapa."

Ni mtoto wa miaka minane, amevaa soksi za kanisa, moja imeshuka. Mabega yake yalikuwa juu, anangoja. Nikainama nikampandisha soksi.

"Hawajui," nikasema.

Mabega yakashuka. Akakimbia kwenda kwa Rebeka.

Mimi nikaingia kwa watu wazima. Onchari akasogea nipate nafasi, akanifungulia ukurasa wa somo.