Fundo Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Vifua ishirini na viwili leo. Umeme umekatika mara mbili, jenereta imewaka mara moja. Baridi ya Newala, ukungu mpaka dirishani, wagonjwa wamejikunyata kwenye benchi. Wengi wanakohoa salfa. Kila mwaka msimu huu ni hivyo hivyo: mkorosho unapuliziwa dawa na mpuliziaji naye anaimeza.

Mtaalamu amefanya kazi vizuri. Mtaalamu ni programu ya kompyuta inayosoma picha zangu za kifua. Jina tumempa wenyewe, kwa kumkejeli. Nikishapiga eksirei, anaitazama kidogo tu, anasema kama kuna dalili za kifua kikuu. Akisema zipo, mgonjwa anapimwa makohozi. Akisema safi, mgonjwa anarudi kwake. Zamani picha zilikuwa zinamsubiri Daktari Hamisi siku tatu. Sasa hata chai haipoi. Alipoletwa mwezi Machi nilimpinga. Leo namkubali. Sipendi kukubali.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe amekuja na bodaboda kutoka Chilangala. Wiki ya tano anakohoa. Mke wangu, Mama Zuhura, ndiye aliyemlazimisha.

Siku ngumu kwangu. Kwa malezi niliyolelewa, mkwe simtazami usoni, sili naye, tukikutana njiani mimi ndiye ninayeingia majanini kumpisha. Leo nimemsimamisha mbele ya mtambo. Ilitakiwa nimshike mabega niyasukume mbele. Nimemwelekeza kwa mdomo tu, macho sakafuni. Sogea kidogo, mama. Vuta pumzi, mama. Kisha mbio nyuma ya ukuta.

Kanga alikuwa kaifunga kifuani. Sikumwambia aivue. Kina mama watu wazima huwa siwaambii, hata wasio wakwe zangu. Miaka kumi na miwili nafanya hivi. Mimi mwanamume, mlango wa chumba haufungi vizuri, mtu mzima utamwambiaje. Fundo la kanga likitokea kwenye picha, nalijua. Daktari naye analijua. Tunaliruka.

Mtaalamu kasema safi. Nimefurahi mno. Daktari akaandika kuwa ni salfa, mkwe akapewa dawa ya kikohozi, akaenda zake.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Tumeswali, tumekwenda Chilangala wote. Pilau nzuri. Nimekaa barazani na wanaume.

Njiani kurudi Mama Zuhura kaniambia mama yake hakula hata tonge mbili. Anatoka jasho usiku, shuka linaanikwa kila asubuhi. Kaniuliza picha ilisemaje. Nikamjibu safi. Kauliza tena. Nikamjibu vibaya, mbele ya mtoto. Ni woga huo, si hasira.

Jumanne, 18 Juni

Nimeifungua picha ya mkwe kabla ya mgonjwa wa kwanza. Upande wake wa kushoto, chini ya mfupa wa shingo, kuna weupe. Fundo, nikasema. Nikafunga kompyuta. Nikafungua tena.

Fundo la kanga lina mkunjo, na pindo lake linaning'inia kama mkia. Weupe ule hauna mkia. Na vidole viwili chini yake kuna fundo lenyewe, na mkia wake, limetulia. Mkwe wangu hafungi kanga mara mbili.

Nimempelekea Daktari Hamisi. Katazama muda mrefu, kavua miwani, kasema aletwe leo leo atoe makohozi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 20 Juni

Majibu ya makohozi: wadudu wamo. Kifua kikuu. Mama mkwe kaanza dozi leo, miezi sita.

Wiki mbili nzima amekohoa ndani ya nyumba yenye wajukuu wanne, kwa sababu tulimwambia yuko safi. Nimeingia kwenye kile chumba cha zamani cha kusafishia filamu, nimelia. Halafu nimenawa uso. Mtaalamu kakosea wapi? Lazima nijue. Nimempigia Jenipha, binti wa Masasi anayeitunza programu hii huku kwetu na kule. Kasema njoo Jumamosi.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeshuka Masasi asubuhi na picha kwenye kifaa mfukoni. Huku chini joto, koti nimebeba mkononi siku nzima.

Jenipha ni mdogo kwa umri lakini hana maneno ya kupamba. Namna Mtaalamu anavyojifunza, yeye anaiita ujifunzaji wa kina. Nilivyomwelewa mimi: unamwonyesha mwanafunzi maelfu ya picha, kila moja unamwambia "hapa pana ugonjwa" au "hapa hapana", bila kumweleza kwa nini. Hiyo "kwa nini" anaitafuta mwenyewe. Na anachokipata humwoni akikipata.

Kaniuliza picha za mwaka jana za kumfundishia, zile za kwetu Newala, nani aliziwekea majibu. Nikamwambia mimi na Daktari. Akafungua kadhaa. Wanawake. Fundo, fundo, fundo, kushoto, juu ya ziwa. Kina mama wa kwetu wengi wanafunga huko huko. Na chini ya kila picha mwandiko wetu: hapana kitu.

Nimeelewa kabla hajasema. Kasema hata hivyo. "Baba Zuhura, yeye kanga haijui. Mmemfundisha kwamba mwanamke akiwa na weupe hapo, hapana kitu. Amewatii."

Tukamjaribu. Tukatafuta wanawake ambao makohozi yao yalithibitisha ugonjwa. Wenye kivuli, yaani ule weupe wa ugonjwa, upande wa kulia, Mtaalamu kawaona wote. Wenye kivuli kushoto juu, kapita kama kipofu. Wanaume wenye kivuli hapo hapo kushoto kawaona bila shida. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Si yeye aliyekosea. Nimemfundisha mimi. Heshima yangu ndiyo iliyomfundisha.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemwambia Daktari Hamisi kila kitu. Nimetaka wanawake wote walioambiwa safi tangu Machi picha zao zisomwe upya kwa macho, na wenye shaka waitwe. Hakupenda. Kasema tutatia watu hofu, mradi uliotuletea Mtaalamu utaondoka na kompyuta zake, tutarudi kwenye siku tatu. Kasema tumrekebishe Mtaalamu kimyakimya kwanza.

Nimemwambia kimyakimya ndiyo iliyotufikisha hapa. Nimepaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti mkubwa wangu wa kazi. Nimeomba radhi kwa kupaza sauti, si kwa nilichosema.

Mchana kaja mwenyewe, kavuta kiti. "Leta za Machi."

Jumatano, 26 Juni

Machi imekwisha. Aprili nusu. Macho yanawasha. Daktari anasoma mafungu yake, mimi yangu, tukitofautiana tunabadilishana. Kutwa nzima tunatafuta mkia wa kanga.

Mtaalamu haruhusiwi kumwambia mwanamke yeyote safi mpaka Jenipha amalize. Nimebandika karatasi kwenye kompyuta. Foleni imerudi, watu wananung'unika. Wanung'unike.

Ijumaa, 28 Juni

Kanga lazima ivuliwe. Lakini mtu avae nini? Mama Zuhura kanisikiliza, kachukua shuka zetu mbili nyeupe, kakaa kwenye cherehani. Magauni manne. Yanavaliwa kwa kupitishwa kichwani, hayana kifungo, hayana kamba, hayana pa kufunga fundo. Kuwaambia kina mama wavue kanga nimemwachia yeye. Fundi wa hospitali kanyoosha bawaba, mlango sasa unafunga. Miaka kumi na miwili nilikuwa nausingizia mlango uliohitaji nyundo na nusu saa.

Mgonjwa wa kwanza kuvaa gauni, bibi mmoja mcheshi, kajitazama akasema amekuwa padri. Benchi zima limecheka.

Jumatatu, 1 Julai

Orodha imekamilika. Wetu wenye shaka saba. Masasi wanatumia programu hiyo hiyo, nao wamesoma zao: wanne. Tumegawana kupiga simu.

Nimemwandikia mkuu wa mradi barua. Ukurasa mmoja. Nimeandika kwamba majibu ya kufundishia yalikuwa na kasoro, kwamba mpiga picha hakuwavua wagonjwa kanga, kwamba mpiga picha ni mimi. Daktari kataka tuandike "wahudumu". Nimekataa.

Alhamisi, 4 Julai

Kumi wamerudi. Mmoja hajapatikana, mama wa Chiungutwa, simu imezimwa. Masasi wamesema watajaribu tena wiki ijayo. Wiki ijayo. Mkwe wangu wiki mbili zilitosha kumkondesha.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda mwenyewe. Noah ya abiria mpaka Masasi, bodaboda mpaka Chiungutwa, halafu mguu. Nimeuliza nyumba tatu. Nimemkuta shambani, chini ya mikorosho, anafyeka. Simu, kumbe, imeharibika chaji.

Shikamoo. Marahaba. Nimemweleza, nimesimama na viatu vyenye vumbi, kwamba picha yake tuliisoma vibaya na inabidi apigwe tena. Kafyeka huku akinisikiliza. Kasema nyinyi mliniambia mzima, nikaacha kuogopa, sasa mnaniambia niogope tena. Nimesema ndiyo, mama. Kafyeka mpaka mwisho wa mstari. Kisha kaenda kubadili nguo.

Ijumaa, 12 Julai

Majibu yote. Kumi na mmoja walioitwa, watatu wana ugonjwa. Mmoja wa Lisekese, mmoja wa hapa Newala, na yule wa Chiungutwa. Wote wameanza dozi. Wanane ilikuwa kanga tu. Ukimjumlisha mkwe wangu, wagonjwa wanne.

Nimelala mchana, mara ya kwanza tangu Idi.

Jumanne, 30 Julai

Nimechoka kuchora. Jenipha kataka kila fundo kwenye picha za zamani lizungushiwe mstari na liandikwe fundo, na kila kivuli kiandikwe kivuli. Hakuna tena "hapana kitu" peke yake. Kwa mara ya kwanza nafundisha kwa kusema ninachokijua. Na picha mpya zote ni za magauni.

Mkono unauma. Zimebaki nyingi. Nitazimaliza.

Jumatano, 14 Agosti

Jenipha kapandisha Mtaalamu mpya. Tukamrudishia zile za kushoto. Kawaona, hata wa Lisekese aliyefichika nusu. Mmoja kamkosa. Nimemwekea alama nyekundu, nimesema huyu tutaendelea kumsoma kwa macho. Jenipha kasema wote tuendelee kuwasoma kwa macho. Nimekubali. Karatasi kwenye kompyuta sijaibandua, nimeandika nyingine: MTAALAMU ANASOMA, MTU ANASAINI.

Mkuu wa mradi kajibu barua. Mistari mitatu. Magauni yashonwe kwa vituo vyote. Mama Zuhura kaisoma mara mbili, kauliza shuka zake zitarudi lini.

Jumatatu, 26 Agosti

Mama mkwe amekuja, mwezi wa pili umetimia. Makohozi hayana wadudu. Daktari kataka na picha. Mashavu yamerudi, nimeona kwa pembeni.

Nilimtuma Mama Zuhura amweleze habari ya gauni. Kaingia nalo, kasimama mbele ya mtambo bila kuambiwa, mabega mbele. Kanga aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, fundo lake bado limefungwa, kaivua kwa juu kama shati. Vuta pumzi, mama. Nimepiga. Kushoto, chini ya mfupa wa shingo, pamebaki kovu jembamba. Nimesaini.

Wakati naandika kadi yake, akaongea. Kaongea na ukuta, mimi nikiwa nimeinama, kama inavyotakiwa.

"Mbona siku ile ya kwanza hukuniambia niivue? Ningeivua."

Nikasema niliona haya, mama.

"Mimi nilikuwa naumwa. Haya nilikuwa sina."

Kachukua kanga yake msumarini, kajifunga, kaenda kumsubiri binti yake benchini. Baadaye kaja mgonjwa mwingine, bibi wa umri ule ule, kanga kifuani. Mama Zuhura alikuwa ameshaondoka. Nimemwambia mwenyewe.