Wino Uliozama

Jumatatu, 28 Julai

Wifi Sadae alikuja na tikiti maji na maneno. Tikiti kaliweka kwenye ndoo ya maji baridi, maneno kayaweka mezani. Obon inakaribia, siku ambazo wafu wanarudi nyumbani, na nyumba iliyofiwa tangu Obon iliyopita inapaswa kutundika taa nyeupe barazani. Yetu haina. Mtaa mzima unatutazama, anasema.

Mume wangu hakuinua kichwa. Taa nyeupe ni ya marehemu, alisema. Chigusa hajapatikana.

"Baiskeli yake imepatikana, Tamotsu."

"Baiskeli si mtu, dada."

"Toka utotoni wewe. Ukiambiwa mvua inanyesha, lazima utoe mkono dirishani."

Tulikula tikiti. Daraja letu ni la chini, halina kingo. Lilijengwa hivyo makusudi, mto ukifurika lizame bila kuvunjika. Septemba iliyopita lilizama binti yetu akiwa katikati.

Daraja lilirudi.

Alhamisi, 31 Julai

Nimefuta vumbi viatu vya mvua vya Chigusa. Nje tu. Ndani kuna mchanga alioingia nao mwenyewe.

Joto. Nyenje wanalia tangu alfajiri.

Jumamosi, 2 Agosti

Usafi wa Obon. Sadae alikuja na aproni yake na ndoo yake, kana kwamba sisi hatuna ndoo. Mimi nilichukua jikoni na madhabahu ya nyumbani. Karakana ya karatasi ya Tamotsu nilimwachia yeye. Sijaweza kuingia mle tangu Septemba. Nilimsikia akisugua huku akiimba nyimbo za zamani za redioni, kwa sauti mbaya kabisa. Alitoka mikono imelowa, ananukia limau.

"Wifi, mle ndani mlikuwa mnafuga buibui?"

Nilicheka. Ni kweli, nilicheka. Kisha nikaona aibu.

Jumapili, 3 Agosti

Tamotsu ameniambia kesho atafanya kazi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Tangu mafuriko hajagusa brashi. Amezoea kukaa mlangoni mwa karakana, mgongo kwa beseni lake la wino, anatazama barabara inayotoka mtoni.

Atatengeneza karatasi za Chigusa, anasema. Za mashairi yake. Akirudi azikute.

Niliitikia. Nikaenda kuosha mchele uleule mara ya pili.

Chigusa alikuwa akiandika mashairi mafupi juu ya karatasi za baba yake, mistari mitatu tu. Moja bado limebandikwa jikoni juu ya jiko la gesi, limepata mafuta:

Majani ya mto
hayaulizi maji
yanakwenda wapi.

Nilimwambia siku alipoliandika, majani hayana mama ndiyo maana. Akasema, haya mama, andika wewe.

Jumatatu, 4 Agosti

Aliamka mapema, akanyoa ndevu. Akajaza beseni pana la mbao, akangoja maji yatulie. Mimi nilisimama kizingitini. Kazi hii nimeishi nayo tangu niolewe na bado nasimama kuitazama: brashi moja ya wino mweusi, brashi nyingine haina wino, ina mafuta kidogo tu. Anagusa uso wa maji kwa ile ya wino, duara jeusi linaelea. Anagusa katikati yake kwa ile ya mafuta, duara linapanuka na kuwa pete. Tena wino, tena mafuta. Pete ndani ya pete. Kisha mtu anapuliza polepole, pete zinapinda kama moshi. Karatasi inalazwa juu, inainuliwa, na picha ile haitapatikana tena duniani.

Mpulizaji alikuwa Chigusa. Alijaza mashavu kama samaki bunju. Na mafuta, kama walivyofanya wazee, baba yake huyachukua ubavuni mwa pua yake, anapitisha ncha ya brashi pale. Chigusa alikuwa akiwaambia wateja pua ya baba ndiyo mtaji wa kampuni.

Leo Tamotsu alipitisha brashi puani. Akagusa maji.

Wino haukuelea. Ulishuka moja kwa moja, uzi mweusi, ukatandaa chini ya beseni.

Akagusa tena. Ukashuka. Akamwaga maji, akajaza mapya. Ukashuka.

Aliinama akatazama kule chini penye weusi.

"Amezama," alisema.

Miezi yote hii hajawahi kulitamka neno hilo. Nilimshika bega. Lilikuwa gumu kama mbao, kisha halikuwa gumu tena.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimeingia karakana kumwaga yale maji. Nilipoinamia beseni nikasikia harufu. Limau.

Nikapitisha kidole ukingoni. Kinateleza. Nikarudi jikoni, nikanusa sabuni ya vyombo ya Sadae aliyoisahau kwenye sinki. Ileile.

Beseni la wino halioshwi kwa sabuni kamwe. Ni maji tu na kitambaa. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza nilipoingia nyumba hii, kabla hata ya kuonyeshwa pa kulala. Sabuni kidogo ikinywewa na mbao, wino hauelei tena mpaka beseni lisuuzwe siku nyingi. Sadae alizaliwa humu humu, lakini wasichana wa zamani hawakuruhusiwa karakana. Hajui.

Basi si Chigusa. Ni sabuni.

Nilikwenda kumwambia Tamotsu. Nilimkuta chini ya paa la baraza, ameshusha fremu ya taa nyeupe kutoka darini, anaifuta. Kwa kitambaa laini, pembe kwa pembe. Alikuwa ametulia. Usiku alilala mpaka asubuhi.

Nikamuuliza kama anataka chai ya shayiri.

Anataka, alisema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nasuuza beseni wakati hayupo. Bado linateleza.

Jumatano, 13 Agosti

Taa nyeupe iko barazani. Majirani wanapita, wanainamisha vichwa, wanaonekana kama watu waliotua mzigo. Mtawa wa hekalu alikuja kusoma sala, akatokwa na jasho, akanywa chai glasi mbili.

Nimetengeneza farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya, miguu ya vijiti. Farasi ili Chigusa aje upesi, ng'ombe ili arudi taratibu. Nilimchagulia biringanya nene, zito. Liende polepole kabisa.

Jioni Tamotsu aliketi kukata karatasi ya taa ya mtoni, ile tutakayoiachia majini siku ya kuwaaga wafu. Nilidhani atatumia nyeupe. Akatoa kwenye droo karatasi ya mwisho aliyotengeneza pamoja na Chigusa, wiki ile kabla ya mafuriko. Pete zimepinda kushoto, pale alipoishiwa pumzi akaanza kucheka. Pumzi yake imo mle. Hakuna nyingine.

"Baba Chigusa, una uhakika?"

"Wewe huna?"

Ningeweza kusema wakati ule. Alikuwa ameshika mkasi, hajakata.

Nilisema, ninao.

Alikata, akaandika jina la Chigusa.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa haraka, nimesimama jikoni.

Tulishuka mtoni jua likiwa linazama. Watu wengi. Mzee Okubo alipiga filimbi yake ya mwanzi, zile sauti ndefu anazoziacha hewani mpaka unadhani amemaliza. Taa zilianza kwenda moja moja. Chini, kwenye kona ya mto, vijana wa zimamoto walikuwa na wavu wao wa kuzikusanya, mto usichafuke. Ni wavu uleule waliomtafutia Chigusa Septemba. Nilikwepa kuutazama.

Tamotsu aliingia majini mpaka magotini. Akaiweka taa juu ya maji. Sadae alikuwa kando yangu, analia, na akilia lazima aongee.

"Mdogo wangu, umefanya vizuri. Hata karakana itafurahi. Nimeliona beseni lenu lilivyokuwa, nikalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa. Ukianza kazi tena uanze pasafi."

Filimbi ilikuwa kimya wakati ule. Tamotsu alisikia kila neno.

Aligeuka. Hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi.

Sikujua uso wangu unaonyesha nini. Nilijua tu kwamba umeonyesha.

"Unajua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu siku ya pili."

Akaugeukia tena mto. Mkono wake haujaachia fremu. Taa inaelea, inavuta kidogo, kamba za maji zinapita pembeni yake. Taa zingine zote zimekwisha kufika wavuni. Vijana wa zimamoto wakaita kutoka kule chini, kwa heshima, wakauliza kama bado iko moja. Sadae ananivuta nguo: wifi, kwani nimesema nini, kwani nimesema nini?

Maji ya jioni ni baridi hata Agosti, na mapafu ya Tamotsu si mazuri. Mshumaa ulikuwa umebaki kidogo, na karatasi iko karibu na moto.

Sadae amenituma nyumbani nilete taulo.

Nimelichukua. Nimechukua na mshumaa mpya.