Karatasi Mbili, Bahasha Moja

Jumatatu, 20 Oktoba. Mutsamudu
Nimesahihisha imla thelathini kabla ya chai. Mwandiko mbaya. Meli ya Moroni haijaja tena. Dada yangu anaumwa kwetu Vouvouni, kisiwa kile cha Moroni, nami siwezi kuvuka. Naandika Kiswahili nilichofunzwa Unguja; humu nyumbani hakuna anayekisoma. Nyumba ni ya mke wangu, kama ilivyo desturi yetu. Miaka ishirini na sita nalala kwa wakwe.

Jumanne, 21 Oktoba
Shemeji Bakari, ndugu wa mke wangu, amekula nasi. Yumo katika kamati inayotaka kisiwa hiki kijitenge na Moroni. "Jina lako nimelitia mwenyewe kwenye orodha ya wapiga kura, shemeji. Jumapili tutakwenda kupiga kura pamoja. Watu wa Moroni wakuone!" Akacheka. Mke wangu hakucheka.

Alhamisi, 23 Oktoba
Mwanafunzi wangu Rukia ametimiza miaka kumi na minane. Jumapili atapiga kura. Ameuliza darasani, akiniita Fundi kama wanavyomwita mwalimu hapa: "Fundi, karatasi za Ndiyo zina fungu lake, za Hapana fungu lake. Nikichukua moja tu, si wote wameshaniona?"
Nilimwamuru akae. Miaka yote nimewafunza kunakili. Kisha nikaona haya. Nikapanga mafungu mawili mezani, nikatundika shiromani, nguo ya kujitanda ya msichana mmoja, iwe pazia. Nikawaambia: chukueni zote mbili. Nyuma ya pazia, moja bahashani, nyingine mfukoni. Hata baba asijue.
Tulijaribu kwa swali hili: imla iendelee kila Jumatatu? Imla imeshindwa, kumi na tisa kwa kumi na moja. Nimekubali. Sijapenda.

Ijumaa, 24 Oktoba
Bakari amesikia. Hakupaza sauti. "Tumekukaribisha, nawe unawafunza watoto wetu kutuficha? Ukirudia, mizigo yako nitaitoa nje mimi."
Niende wapi? Bandari imefungwa.

Jumapili, 26 Oktoba
Kwenye foleni ya kura Bakari alisimama nyuma yangu. Rukia nyuma yake. Nilifika mezani, nikachukua karatasi moja tu. Ndiyo. Mbele ya wote. Bakari alinipiga bega kwa furaha. Rukia aliniona, akatazama chini.
Niliogopa. Hakuna neno jingine.

Jumatatu, 27 Oktoba
Hapakuwa na imla. Wameandika insha.
Rukia ameleta daftari lake mezani. Ndani, karatasi ndogo ya kura iliyokunjwa mara nne. Basi alichukua zote mbili.
Sikuikunjua. Nimemrudishia.
"Hata mimi nisijue," nimemwambia.
"Ndiyo, Fundi," akajibu, akaitia mfukoni.
Insha yake ina makosa mawili. Nimeyapigia mstari.