Babu Yako Anajitafuta Kwenye Mbao

Nyumba ya Bochhof,
Hinterkreuth,
Msitu wa Bavaria.
9 Novemba 1957

Mpendwa mjukuu wangu Kreszenz, Zenzl wangu,

Hujambo, mama? Mumeo Uwe hajambo? Na kitoto Antje, meno yameota au bado anawakesha? Mimi mzima, ila magoti yanalia nikipanda mlima. Ng'ombe mwekundu kazaa jike. Viazi mwaka huu vidogo, lakini vipo.

Anayeandika ni Walburga, mjane wa tarishi, maana unajua shule mimi sikuikanyaga, nilichunga bata bukini. Nasema kwa lugha yetu ya msituni, yeye anaandika Kijerumani cha vitabuni. Anadai maneno yangu hayaandikiki. Basi ukisoma, yarudishe kinywani mwangu.

Sasa nisikilize. Babu yako hajapumzika.

Alipokufa mwezi Machi ulikuwa umetoka kujifungua, sikulaumu. Tulimlaza juu ya ubao kama ada, na baada ya maziko ubao ukapelekwa kuandikwa jina, usimamishwe njiani pamoja na mbao za marehemu wengine, pale kanisa dogo. Mbao zile zote aliziandika yeye, kwa herufi za kale zenye ncha na mikunjo. Nani amwandikie yeye? Mkono wake alikufundisha wewe tu, nawe uko Hamburg unaandika mabango ya maduka.

Kazi ikaangukia kwa Harro, seremala aliyekuja na wakimbizi baada ya vita. Si mtu mbaya. Akaandika Korbinian Aschenbrenner, jina la ofisini, kwa herufi nyoofu kama za stesheni. Nikamwambia sivyo. Akanijibu kwa upole, "Bibi, siku hizi watu wote wanasoma hizi."

"Walio hai," nikamwambia. "Huyu amekufa."

Watu wanapita, hawasimami. Aschenbrenner ndiye nani? Huku yeye ni Korbl wa Bochhof toka azaliwe. Hata Notburga wa kinuni, asiyepita ubao bila kumwombea aliyeulalia, aliniuliza kama tumezika mgeni.

Tangu majani yaanze kudondoka, namwona. Ni jioni, nikirudi na ndoo ya maziwa, ukungu unashuka. Amesimama mbele ya mbao na koti lake lenye madoa ya rangi. Anasoma mmoja mmoja, midomo inacheza, kidole kinafuata herufi kama alipokuwa akikagua kazi yake. Akifika kwenye wake, anaupita. Halafu anarudi mwanzo wa safu, anaanza upya. Zenzl, anajitafuta.

Walburga kaacha kuandika, anafanya ishara ya msalaba. Andika, wewe.

Juzi niliweka ndoo chini nikamwita kwa lugha yetu, "Korbl, ni huu hapa." Akageuka. Macho yaleyale. Akautazama ubao, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kofia isiyo yake, akaenda kuanza tena. Sasa namwita kila jioni, na sauti inaniishia. Nikifa, nani atamwita? Watoto wa hapa wanaongea kama redio. Na wewe uliponipigia simu pale baa, uliongea kama watu wa Hamburg, nikamrudishia mwenye baa simu nikisema kuna mgeni amekosea nyumba.

Usinitumie kahawa. Njoo na brashi yako kabla theluji haijafunga njia. Rangi nyeusi ya babu naikoroga isigande. Harro kasema ataparuza maandishi yake mwenyewe, na hakununa. Wewe andika jina la nyumba, Korbl wa Bochhof, kwa mkono ule uliofundishwa. Ukifika pale, mwite kwanza, na usimwite kwa lugha ya kwenye simu.

Ubao wangu uko darini. Najua ni mwiko kuuandika kabla ya kulaliwa. Niandikie hivyohivyo, Afra wa Bochhof. Sitaki mimi na yeye tuje tupishane kwenye ukungu ule bila kufahamiana.

Msalimie Uwe, mbusu Antje. Mjomba wako Lorenz na mkewe wanawasalimu. Mungu awafunike nyote, na akufungulie njia mpaka huku.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako Afra