Pale Kwenye Mawe, Gari Hupumua

Jumatatu, 9 Juni

Nimefagia uwanja. Kuku wamepewa pumba. Gari limewaka asubuhi bila ubishi, likaondoka na mwanangu Masanja kwenda Lamadi kufuata dagaa. Halikufika. Limezimika tena kwenye yale mawe makubwa, ukishaipita Dutwa. Akalisubiri, likawaka, akageuza. Karudi uso umekunjamana.

Anasema Jumamosi jioni anakuja mtu wa chuma chakavu.

Nimemwambia chuma chakavu ni yeye. Kacheka. Mimi sikucheka. Pikapu hii ni ya baba yake.

Tumebishana mpaka uji ukapoa. Mwisho kakubali: likienda Lamadi na kurudi bila kuzimika kabla ya mtu huyo kuja, haliuzwi. Likizimika, nisiseme neno.

Jumanne, 10 Juni

Nimeota mume wangu anapiga honi. Nimeamka na hasira, maana hakuna honi.

Shule sikuingia hata siku moja. Baba alisema ng'ombe watachungwa na nani. Herufi nilizijulia kwenye vumbi la boneti ya gari hili. Mume wangu alikuwa anaandika kwa kidole, mimi nafuata chini yake. Boneti ikijaa, tunafuta kwa kanga, tunaanza upya. Watu wa mnadani walikuwa wanatucheka. Wacheke. Leo naandika.

Masanja anaona chuma tu. Hajui analouza.

Fundi Limbu kaja mchana. Kafungua filta ya dizeli, kaimwaga kwenye beseni. Ndani kumejaa nyuzi nyeupe.

"Mayu, mama yangu, hili gari mnalilisha pamba?"

"Muulize mwenye gari, yuko kaburini."

Kaweka filta mpya. Kalegeza nati, kapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, dizeli ikatoka safi. Limeunguruma kama zamani. Nimefurahi kijinga.

Jumatano, 11 Juni

Limezimika. Palepale kwenye mawe.

Limbu sasa anaitilia shaka pampu yenyewe, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Ikiwa ndiyo, ifunguliwe, ipelekwe Mwanza. Masanja katikisa kichwa. Nakijua kichwa hicho, nilikizaa mimi.

Nimemchukia mwanangu tangu chai ya asubuhi mpaka jioni. Kisha nikampakulia ugali. Kala vizuri, hasira ikaniishia.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimepanda na mimi. Masanja kasema mgongo wangu. Nimemwambia mgongo ni wangu, hukuununua.

Limbu ana akili. Kafunga dumu la dizeli juu, nyuma ya kabini, katoa mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja mpaka kwenye pampu. Tangi kaliruka kabisa. Tumefika kwenye mawe, tumepita, tumegeuza mpaka nyumbani. Halikukohoa. Basi pampu ni nzima! Ugonjwa uko kwenye tangi au njia yake.

Karudisha mpira wa tangi. Tumeondoka tena. Kwenye mawe, kimya.

Tumekaa na joto. Nikasema, bila kufikiri, hapa ndipo mzee alipokuwa anasimama kila safari.

Limbu kageuka. "Anasimama kufanya nini?"

"Ananiambia, shuka, gari lipumue. Anazunguka kule ubavuni. Kisha tunakaa kwenye mawe, tunakula michembe ya viazi."

Limbu kafungua mlango. Kashuka, kaenda ubavuni, kwenye mdomo wa tangi. Mfuniko wake uliibwa zamani mnadani. Mzee akatengeneza kizibo chake: pamba iliyofungwa kwa kitambaa, juu yake mpira wa tairi umekazwa. Sisi watu wa pamba kila kitu tunaziba kwa pamba. Dirisha, chupa ya mafuta, sikio linalouma.

Limbu kakivuta. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtoto aliyelia sana. Masanja kawasha. Likawaka mara moja.

Limbu katueleza. Dizeli inatoka, hewa haina pa kuingia, mwisho tangi linaishikilia dizeli lisiiachie. Na kitambaa kimeoza, ndiyo maana pamba inadondoka ndani mpaka kwenye filta.

Kwa hiyo mzee alikuwa anajua. Gari lilikuwa linapumua kweli. Miaka yote nilidhani anasimama kwa ajili ya mgongo wangu, ila anaona aibu kusema.

Nimeumia. Sikutegemea, lakini nimeumia.

Ijumaa, 13 Juni

Tangi limeshushwa, limeoshwa. Imetoka pamba ya kujaza mto wa mtoto. Mfuniko mpya una tundu dogo la hewa. Kizibo cha zamani Masanja alitaka kukitupa. Nimemnyang'anya. Kinanuka dizeli, kiko chini ya kitanda.

Nimekaanga karanga. Nimefunga na michembe. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 14 Juni

Jioni. Nimechoka.

Tumefika Lamadi, tumerudi na dagaa. Mtu wa chuma chakavu tumemkuta uwanjani anasubiri. Masanja kampa plau lililovunjika, kamwambia safari njema. Mimi sikusema neno.

Wakati wa kurudi, mawe yalipoonekana, gari lilikuwa linakwenda vizuri tu. Nikasema simama.

"Halina shida, mayu. Mfuniko una tundu."

"Simama."

Kasimama. Tukakaa kwenye jiwe lilelile, lina mbonyeo. Kauliza tunasubiri nini. Nikasema lipumue. Kaangalia mfuniko mpya, kaniangalia mimi. Kafungua kifurushi.

Michembe ni migumu, haitaki haraka. Nikawa natafuna na kuwaza. Kizibo kinafunguliwa mara moja, unahesabu mpaka tatu, gari linawaka. Sasa mbona sisi tulikuwa tunakaa hapa mpaka michembe inakwisha?

Masanja kaniuliza nacheka nini. Nimemwambia ale.